Programu za familia na jamii kwa watoto wadogo: maswali mnayouliza sana

Maswali haya ndo yanarudi kila tukikaa na wazazi, walezi na watu wa kujitolea wanaotaka kuanzisha kitu kwao. Nimeyajibu kama ninavyojibu kwa mdomo, mengine marefu mengine mistari miwili tu, kwa hiyo kama una haraka ruka moja kwa moja kwenye swali lako.

Hizi programu zenyewe ni kitu gani?

Ni mpango wowote unaoifuata familia yenye mtoto mdogo na kuisaidia kumlea. Inaweza kuwa mhudumu anayekuja nyumbani, kikundi cha wazazi kinachokutana kila baada ya siku kadhaa, kundi la michezo ambapo mzazi anabaki na mtoto wake (siyo anamwacha pale anaondoka), au hata dakika chache za maongezi kliniki mtoto akiletwa kupimwa uzito. Zingine zinaanza mama akiwa bado mjamzito, zingine zinaendelea mpaka mtoto aanze shule. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa inahesabu utoto wa awali kuwa ni chini ya miaka 8, ila programu nyingi zinaweka nguvu kwenye miaka mitatu ya mwanzo, sababu utaiona huko chini.

Semina ya siku moja yenye fulana na picha ya pamoja haimo humu. Ile ni sherehe, haina ubaya wowote, ila ni sherehe.

Mkisema ustawi mnamaanisha nini? Mtoto akila akashiba akalala si inatosha?

Inasaidia sana ila haitoshi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi jumuishi na humo wakataja mambo matano yanayokwenda pamoja: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza tangu mwanzo kabisa. Yaani awe mzima, ale vizuri, awepo mtu wa kumsikiliza na kumjibu, asiumizwe, na apate vitu na watu wa kumchangamsha.

Sasa mawili ya kwanza yanapimika kirahisi, chanjo unaihesabu, uzito unauandika kwenye kadi, mstari ukishuka kila mtu anashtuka. Hilo la tatu, malezi yenye mwitikio, halina mzani wala kadi, kwa hiyo linaachwa liende lenyewe. Programu nzuri za familia zinalishika hilohilo.

Mtoto wa miezi mitatu hata kuongea hajui, atapata faida gani?

Anaongea sana tu, ila siyo kwa maneno. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Edward Tronick, alifanya jaribio ambalo ukiliona kwenye video huwezi kulisahau. Mama anacheza na mtoto wake kama kawaida, halafu anaambiwa kwa dakika chache amwangalie tu mtoto, uso mkavu, asitabasamu, asijibu chochote. Mtoto anajaribu kila alichonacho, anatabasamu, anatoa sauti, ananyoosha mikono, akiona kimya anageuza uso pembeni, analegea, wengine wanaanza kulia kabisa. Mtoto wa miezi michache tu, lakini anajua kabisa kwamba kuna kitu kilikuwepo na sasa hakipo.

Hayo majibizano ya kawaida, yeye katoa sauti wewe umeitikia, yeye kanyoosha kidole wewe umetaja jina la kitu, ndo yanajenga ubongo katika kipindi hicho. Wataalamu wa makuzi ya mtoto wa Chuo Kikuu cha Harvard wanakadiria kwamba miaka ya mwanzo ubongo unaunda miunganiko mipya zaidi ya milioni moja kila sekunde. Na kabla hujaanza kujilaumu: hakuna mzazi anayejibu kila mara, hayupo. Tronick mwenyewe amesisitiza miaka yote kwamba kupishana na kupatana tena ni sehemu ya mahusiano ya kawaida ya mzazi na mtoto. Kinachoumiza ni kimya kinachokaa.

Mbona muda wote mnaongea na mzazi? Mtoto mnamhudumia lini?

Hili ndo swali langu pendwa. Mhudumu anakuja saa moja kwa wiki, wiki ina masaa 168. Hata awe bingwa namna gani, akimchezesha mtoto yeye mwenyewe halafu akaaga, yamebaki masaa 167 ambayo mtoto yuko na mtu mwingine, kwa hiyo kazi ya mhudumu ni huyo mtu mwingine. Ukimsaidia anayeshinda na mtoto ndo umemsaidia mtoto, njia nyingine ya mkato mi sijaiona.

Inavyokuwa kwa macho ni hivi. Mhudumu anafika, anakaa chini palepale alipo mtoto. Anatoa kikombe cha plastiki na mfuniko wake, anampa mama, hampi mtoto. Mama anakiweka mbele ya mtoto, mtoto anakigonga sakafuni, anakirusha, halafu anamwangalia mama. Mama anakiokota, anataka kumwonyesha jinsi ya kufunika. Mhudumu anasema taratibu, "hebu mama tumsubiri kidogo, tuone anataka nini." Mtoto anakirusha tena, anamwangalia tena mama, safari hii kaacha mdomo wazi. Mama anacheka, "kumbe anataka mimi niokote!" Anaokota, mtoto anapiga kelele za furaha, anarusha. Basi, somo la leo ndo hilo, limeingia bila ubao. Wiki ijayo mhudumu akifika ataanza na "kikombe kimeendaje?" na mama ndo atakayeongea.

Angefanya mhudumu mwenyewe yale yote mtoto angefurahi vilevile, ila mama angebaki mtazamaji, na hapo ndipo programu nyingi zinapopotea bila kujua maana kwa nje kila kitu kinaonekana kizuri.

Kuna ushahidi kwamba inafanya kazi au ni maneno mazuri tu?

Upo, ila usomwe wote, siyo ule mtamu peke yake.

Mtamu kwanza. Jamaika, jijini Kingston, mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa makundi manne kwa bahati nasibu. Kundi moja mhudumu wa afya wa jamii alitembelea nyumbani kila wiki kwa saa moja kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mtoto, kundi la pili lilipata lishe ya ziada, la tatu vyote viwili, la nne halikupata hata kimoja. Ilikwenda miaka miwili. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa mikono, kutokana na vitu vilivyotumika. Baada ya kama miaka 20 watafiti wakawafuata, matokeo yakachapishwa 2014: wale waliochezeshwa na kuongeleshwa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa kwa ajili ya uchangamshi, na wakawa wamewafikia watoto wenzao ambao hawakuwahi kudumaa. Lishe peke yake haikuacha alama ya namna hiyo. Na hao wahudumu hawakuwa madaktari wala walimu wa chuo, ni watu wa mitaa ileile waliopata mafunzo na kusimamiwa vizuri.

Utafiti mwingine unaotajwa sana ni wa mpango wa chekechea wa Perry, ulifanyika Ypsilanti, Michigan, kati ya 1962 na 1967 na watoto 123 kutoka familia maskini za Wamarekani weusi, wamefuatiliwa mpaka utu uzima. Watu wanaukumbuka kama hadithi ya chekechea, wanasahau kwamba mwalimu alikuwa anakwenda pia nyumbani kwa mtoto kila wiki, saa moja na nusu, anakaa na mama. Mi nadhani kile kipande kilichosahaulika ndo kilibeba mzigo mkubwa, ingawa utafiti wenyewe haukutenganisha viwili hivyo.

Sasa mchungu. Tafiti hizi mbili zilikuwa ndogo na zilisimamiwa kwa karibu mno. Ukichukua wazo hilohilo ukalitandaza nchi nzima kwa pupa linaweza kuyeyuka. Brazil ilianzisha mpango wa Criança Feliz mwaka 2016, ukasambaa haraka sana kwenye manispaa nyingi, na tathmini kubwa iliyofanyika ikashindwa kuona tofauti kwenye makuzi ya watoto waliotembelewa na wasiotembelewa. Watafiti wakaonyesha kidole kwenye utekelezaji: ziara hazikufanyika kama zilivyopangwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "programu za familia zinafanya kazi" muulize ipi, nani anatembelea, mara ngapi, na nani anamsimamia huyo anayetembelea.

Mama mwenyewe hana hamu ya kitu chochote, analia ovyo, mtamwambia acheze na mtoto?

Hapana, na ukimwambia hivyo unamwongezea mzigo. WHO inasema takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni wanapata tatizo la afya ya akili, zaidi sonona (ile huzuni nzito isiyoondoka), na kwenye nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Mama mwenye sonona anampenda mtoto wake kama mama mwingine yeyote, ila uso umekuwa mkavu kama ule wa jaribio la Tronick, tofauti ni kwamba wa kwake haurudi baada ya dakika chache.

Pakistan walilishughulikia kwa namna ambayo naipenda sana. Atif Rahman na wenzake walichukua mbinu za tiba ya kisaikolojia, wakazirahisisha, wakawafundisha wahudumu wa afya wa vijijini waliokuwa tayari wanawatembelea kina mama. Hakukuwa na daktari wa akili mlangoni, wala neno sonona halikuwekwa mbele, mazungumzo yalikuwa kuhusu mtoto na afya yake, humohumo mama anasaidiwa kuona mawazo yanayomvuta chini na kuyajibu. Matokeo yalitoka 2008: baada ya miezi sita asilimia 23 ya kina mama waliosaidiwa bado walikuwa na sonona, kwa wengine ilikuwa 53. Watoto wao pia waliugua kuhara mara chache zaidi na walichanjwa zaidi.

Kama wewe ndo mama huyo na unasoma hapa: hali ikizidi wiki mbili, au ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri siku ya kikundi. Nenda kituo cha afya leo, na mwambie mtu mmoja akusindikize.

Baba anaingia wapi?

Mlangoni, kama wengine! Tatizo ni kwamba tunaweka mikutano saa ambazo baba hayupo, tunaandika "kikundi cha kina mama" kwenye bango, picha zote za mama, halafu tunalalamika kina baba hawaji. Rwanda kuna mpango unaitwa Bandebereho unaokaa na wanaume wenye watoto wadogo au wanaotarajia mtoto, baadhi ya vipindi wanakuja na wenza wao, wanaongea juu ya ujauzito, kulea, pesa, ugomvi wa nyumbani. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta wake zao walioripoti kupigwa walikuwa wachache kuliko wa kundi ambalo halikushiriki, na kuchapwa kwa watoto nako kulipungua. Hiyo ya kupigwa naitaja makusudi kwa sababu mtoto anayeshuhudia mama akipigwa haina haja apigwe yeye ndo aumie.

Anayeshinda na mtoto ni bibi yake (au dada yake mkubwa, au msaidizi wa nyumbani). Nani aje kwenye kikundi?

Anayeshinda naye. Mzazi akiweza waje wote wawili, ila ukilazimisha aje mzazi peke yake ambaye anamwona mtoto usiku tu amelala, utakuwa unamfundisha mtu asiye na mwanafunzi. Na kwa bibi kuna adabu yake: usianze kwa kumwambia siku hizi mambo yamebadilika, maana kalea watu wazima waliopo hapo. Muulize kwanza yeye alikuwa anawabembelezaje, anawaimbia nini, anawachezesha vipi. Mara nyingi nusu ya unachotaka kusema atakisema yeye, na kwa mamlaka kuliko wewe.

Simu na TV je? Mtoto akipewa simu anatulia kabisa.

Anatulia, ndiyo, hata wewe unatulia. Mwongozo wa WHO wa 2019 kwa watoto chini ya miaka 5 unasema kabla ya kutimiza mwaka asikae mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile haishauriwi, kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo bora. Mwongozo huohuo unataka wa mwaka mmoja hadi minne wacheze kwa kujongea angalau dakika 180 kwa siku zikigawanywa siku nzima, na usingizi wa kutosha, kwa mfano wa miaka 3 na 4 masaa 10 hadi 13.

Ila tuwe wakweli, mzazi yuko peke yake na watoto watatu, ana kazi za ndani, ile simu ndo msaidizi pekee aliyepo. Ukimsomea mwongozo tu ukaondoka hujamsaidia. Tafuteni pamoja nini kingine kinaweza kumshika mtoto robo saa karibu na pale mzazi anapofanya kazi, na mzazi awe anamwongelesha hukuhuku mikono ikiendelea. Simu ya mzazi nayo ihesabiwe, mtoto anayeita mara nne mtu akiwa kainamia meseji anaona ule uso mkavu tunaouongelea.

Tunahitaji kununua vitu vya kuchezea?

Hapana. Chupa tupu safi yenye kokoto ndani iliyofungwa kweli kweli, maboksi, vitambaa, mifuniko, picha kutoka magazeti ya zamani. Angalizo moja tu: kitu chochote kinachoingia chote mdomoni mwa mtoto mdogo kinaweza kumkaba, kitoeni.

Mnawaambia wazazi wasichape?

Ndiyo. Uswidi ilipiga marufuku mwaka 1979, ya kwanza duniani, na nchi kadhaa zimefuata. Ila kwenye kikundi sheria haibadilishi mkono wa mtu. Kinachosaidia ni kuichukua ile saa mbaya yenyewe, ile ya jioni kila mtu amechoka, mtoto kamwaga kitu, na kuongea hatua kwa hatua nini kingefanyika badala yake: kumwondoa pale, kushuka mpaka usawa wa macho yake, maneno machache, kumpa kazi ya kufuta pamoja na wewe. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hakukusudia kukukomoa, hana uwezo huo bado. Wazazi wakielewa hilo tu hasira inapungua nusu.

Mtoto wa mwenzangu anatembea, wangu bado. Mnaweza kumpima?

Kikundi hakipimi ugonjwa na mwezeshaji (yule anayeongoza kikundi) asijifanye daktari. Anachoweza ni kukutoa hofu isiyo na sababu na kukusukuma pale penye sababu. Mfano kutembea bila kushikwa: kwa viwango vya WHO watoto wazima wanaanza popote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18, ni tofauti kubwa sana, kwa hiyo wa miezi 13 ambaye bado anatambaa hana shida kwa hilo peke yake. Ila kama mtoto hageukii sauti, hakuangalii usoni, hatumii upande mmoja wa mwili, au (hili usilipuuze kamwe) alikuwa anaweza kitu na sasa ameacha kukiweza, hapo mpeleke akaonwe mapema, na mwambie mtaalamu amwangalie mtoto masikio pia, maana mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuitwa mkaidi au mzito wa kuongea miaka mizima kabla mtu hajastuka.

Mtoto mwenye ulemavu nafasi yake ni kwenye kundi lilelile la michezo pamoja na wengine. Mzazi wake mara nyingi ndiye aliyejitenga zaidi mtaani, mfuateni nyumbani kwanza, msisubiri aje.

Mtoto wangu yuko kituo cha kulelea watoto siku nzima. Bado nahitaji hizi?

Kituo kizuri ni msaada mkubwa. Angalia kitu kimoja ukienda kumchukua: walezi wanaongea NA watoto au wanaongea juu ya vichwa vyao? Na kituo kikiwa na mkutano wa wazazi unaozungumzia ada tu, waombe muda wa kuzungumzia watoto.

Huyo mhudumu akija kwangu ataniripoti?

Watu wanaogopa hili kuliko wanavyosema, wengine hawafungui mlango kabisa. Jibu la haki ni kwamba mambo ya ndani yanabaki ndani, uchafu wa nyumba, madeni, ugomvi wa mawifi, hayatoki. Kinachotoka ni pale mtoto au mtu mwingine yuko kwenye hatari ya kuumizwa, na hilo mhudumu anatakiwa akuambie siku ya kwanza kabisa, siyo siku limetokea. Kama programu yenu haijaandika popote nini kinabaki siri na nini hakibaki, simamisheni ziara muandike kwanza. Na mhudumu anayesimulia kwa jirani aliyoyaona kwa mwingine atolewe, hata kama ndiye mchangamfu kuliko wote.

Watoto wanaoishi kwenye makao nao je?

Hapa utafiti umesema kwa sauti kubwa. Romania, jijini Bucharest, kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi, nusu wakapelekwa kwa kura kwenye familia za kambo zilizoandaliwa na kulipwa, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Waliopata familia walikwenda mbele kwenye akili na kwenye kuwa na mtu wao wanayemtegemea, na kwa mambo kadhaa walionufaika zaidi ni waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa hiyo jamii ikiwa na nguvu za kuchangia makao, sehemu ya hizo nguvu iende kusaidia ndugu au familia ziweze kumpokea mtoto. Mkienda kutembelea makao, msiwazoeze watoto kukumbatiwa na wageni wapya kila wiki halafu hawaonekani tena, wapeni walezi wa pale muda wa kupumzika na idadi ndogo ya watoto kwa kila mmoja.

Mwezeshaji awe na cheti gani?

Tafuteni mtu anayeweza kunyamaza. Natania kidogo ila siyo sana, anayependa kuhubiri anaharibu kikundi. Asome na kuandika vya kutosha kujaza daftari, watu wamwamini, apate mafunzo ya vitendo (aangaliwe akimtembelea mtu, siyo mtihani wa karatasi), halafu awe na msimamizi anayekwenda naye mara kwa mara na kukaa naye baadaye kuongea. Wengi wanakata bajeti ya usimamizi kwanza kwa sababu haionekani. Na mlipeni kitu. Kujitolea kunakwenda vizuri miezi ya mwanzo, baadaye maisha yanamdai, anapunguza ziara kimyakimya.

Tutajuaje kama inasaidia?

Daftari la mahudhurio linakuambia nani alikuja, basi. Angalieni kingine: mwanzoni na baada ya miezi kadhaa, kaeni dakika kumi muone mzazi na mtoto wakiwa pamoja bila kuelekezwa. Mtoto akitoa sauti kuna anayejibu? Mzazi anafuata anachokitaka mtoto au anamvuta kwenye cha kwake? Ulizeni pia mtoto alicheza na nani jana na walicheza nini, swali la jana linajibiwa kwa ukweli zaidi kuliko "huwa unacheza naye?" ambalo kila mtu atasema ndiyo.

Hii si kazi ya serikali?

Ni yake pia, na zikiamua zinaweza. Finland ilianza kutoa boksi la vifaa vya mtoto kwa kina mama wa kipato cha chini mwaka 1938, mwaka 1949 likawa la kila mama, kwa sharti kwamba aende kliniki kabla mwezi wa nne wa ujauzito haujaisha. Boksi ndo linapigwa picha dunia nzima, ila ujanja ulikuwa kwenye lile sharti, maana mama akishafika kliniki mapema amepata mtu wa kumfuatilia. Chile nayo ilianzisha Chile Crece Contigo 2007 na mwaka 2009 ikaiwekea sheria, kwa hiyo kubadilika kwa rais hakuifuti kirahisi. Uingereza ni kinyume, vituo vya familia vya Sure Start vilianza 1999, vikafika zaidi ya 3,000, halafu bajeti ikakatwa na vingi vikafungwa au kubaki jina tu. Mwaka 2024 ndo IFS, taasisi ya utafiti ya hukohuko Uingereza, ikatoa uchambuzi kwamba watoto walioishi karibu na vile vya mwanzo walifanya vizuri zaidi mitihani ya sekondari. Faida ilikuja kuonekana wakati milango imeshafungwa.

Tuko watu wachache, hatuna mfadhili, tunaanzia wapi?

Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu kama tayari kuna wahudumu wa jamii wanaotembelea familia, mkikuta wapo jiungeni nao, msianzishe cha pili. Kama hamna, tafuteni nyumba zenye watoto chini ya miaka mitatu ndani ya umbali wa kutembea kwa miguu na mtoto mgongoni, chagueni siku moja ya wiki na saa isiyogongana na kazi, mahali penye kivuli, maji na choo. Kikundi kisizidi familia ambazo mwezeshaji anazijua kwa majina pamoja na majina ya watoto. WHO na UNICEF wana kifurushi cha mafunzo cha uchangamshi na malezi kwa watumishi wa afya na jamii, hakiuzwi, kipo mtandaoni, anzeni nacho badala ya kutunga cha kwenu.

Na msiwaahidi wazazi kitu ambacho hamna, hasa pesa au chakula, maana siku kisipokuja kikundi kimekufa.

Familia ikihama katikati ya programu?

Wapeni daftari lao waondoke nalo, liandikwe mtoto amefikia wapi na anapenda mchezo gani, na kama mnajua kikundi au mhudumu huko wanakokwenda mpigieni simu kabla hawajafika. Ile namba ya mwezeshaji wa zamani waachieni, wengi wanapiga wiki za mwanzo kwa kitu kidogo tu halafu wanazoea.